Kabla ya kummwagia maji: namna ya kumwangalia mtu aliyeanguka

Ni nadra msiba kupita bila mtu kuzimia. Jeneza linapotolewa ndani, dada wa marehemu magoti yanamwisha nguvu, analegea, anakwenda chini. Kinamama wanamdaka. Mmoja anafungua kanga aanze kumpepea, mwingine anapiga kelele: "Maji! Leteni maji!" Anamwagiwa usoni, na haipiti dakika anafumbua macho, anaangaza huku na huku, anaanza kulia upya. Kila aliyekuwepo anaondoka na somo moja: mtu akizimia, mmwagie maji.

Sasa hamia barabarani. Bodaboda imegongwa na gari, dereva amelala kando ya mtaro, hasemi. Watu wamemzunguka, nusu yao wameinua simu wanarekodi. Nimelishuhudia hili zaidi ya mara moja, na sauti ya kwanza huwa ileile ya msibani: "Amezimia huyo, leteni maji." Chupa inapitishwa juu ya vichwa vya watu, kijana ananyanyuliwa mabega, anakalishwa, maji yanamiminwa usoni na mengine yanaingizwa kinywani. Nia ni njema kabisa. Lakini huyu si yule wa msibani, na anachofanyiwa kinaweza kumuua.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno lenyewe. Kuzimia kumetokana na kuzima, kama taa inavyozima, nasi tunalitumia kwa hali tofauti kabisa. Kuzimia hasa, au kuzirai, ni fahamu kuondoka kwa muda mfupi kwa sababu damu inayofika kwenye ubongo imepungua ghafla: huzuni, joto, njaa, kusimama muda mrefu, kuona damu. Fahamu hurudi zenyewe, mara nyingi ndani ya dakika moja au mbili. Kupoteza fahamu ni jina pana zaidi: mtu haamki hata ukimwita na kumtikisa. Huo si ugonjwa, ni dalili, na nyuma yake kunaweza kuwa na jeraha la kichwa, sukari iliyoshuka, kiharusi, sumu, pombe, malaria kali au kifafa kilichotoka kumpitia. Koma ni kupoteza fahamu kuzito kunakoendelea. Halafu kuna moyo kusimama, ambapo mtu haitiki na wala hapumui kama kawaida. Huyo maisha yake yanahesabika kwa dakika: ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi.

Fikiria nyumba usiku. Aliyezirai ni nyumba ambayo umeme umepungua nguvu, taa zikafifia kisha zikarudi. Aliyepoteza fahamu ni nyumba iliyo gizani, na kwa kusimama nje huwezi kujua kama tokeni zimeisha, fyuzi imekatika au transfoma imeungua. Moyo uliosimama ni nguzo iliyoanguka. Nyumba zote tatu zina giza, na mpita njia anaona giza tu.

Kwa hiyo maji yalimwamsha nani pale msibani? Hayakumwamsha yeyote. Mtu anapozirai, damu nyingi imetuama miguuni na moyo unashindwa kuipandisha juu kwa kasi inayotakiwa. Mwili unaanguka, na huko kuanguka ndiyo tiba: akishalala chali, kichwa kinakuwa usawa mmoja na moyo, damu inafika, anaamka. Angeamka hata kama asingemwagiwa tone. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kumdaka na kumkalisha, maana hapo tunamrudishia tatizo lililomwangusha. Mlaze, mwinulie miguu juu ya kiti au mkoba, mlegezee mkanda na nguo za shingoni, basi. Kitunguu, kiatu puani, makofi mashavuni, vyote vimejipatia sifa kwa njia ileile ya maji: vilikuwepo wakati mtu anaamka mwenyewe.

Kwa aliyepoteza fahamu kweli, chochote kinachoingia kinywani ni hatari, kwa sababu amepoteza na kinga ya kutopaliwa. Mimi na wewe tukipaliwa tunakohoa mpaka machozi. Yeye hakohoi. Maji, soda, uji, au yale maziwa tunayopenda kumpa mtu aliyekunywa sumu, vinateremka moja kwa moja mapafuni. Na aliyekunywa sumu usimtapishe pia: sumu nyingine huunguza ikipanda kama ilivyounguza ikishuka. Chukua chupa au pakiti ya hiyo sumu uende nayo hospitali.

Anza na mahali, si na mtu

Mtu mwenye huruma hukimbilia aliyeanguka. Mafunzo yote ya huduma ya kwanza huanza kwa kumzuia kidogo huyo mwenye huruma. Simama, tazama: kilichomwangusha huyu bado kipo?

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakalizunguka, likalipuka. Waliofariki walizidi 100. Watu wengi wanaukumbuka mkasa ule kwa habari ya madumu, lakini una somo jingine: mvuke wa petroli haubagui aliyekuja kuchota na aliyekuja kuokoa. Umeme nao hivyohivyo. Ukimkuta mtu amenaswa na waya ndani ya nyumba, zima swichi kubwa kwanza ndipo umguse. Waya wa nguzo ukiwa umeanguka chini, kaa mbali kabisa na uwapigie simu wahusika. Na ukifungua chumba asubuhi ukakuta familia imelala haiamki, pembeni kuna jiko la mkaa, usiingie ukaanza kuwapima mapigo. Fungua milango na madirisha, watoeni nje kwenye hewa. Ile hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na mwokoaji akikaa mle ndani naye atalala kando yao.

Barabarani, mtume mtu mmoja akasimame mbali kidogo apunge mkono magari yapunguze mwendo. Mikononi vaa glavu, na kama huna, ingiza mkono kwenye mfuko wa mkate (ile mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, lakini wa mkate haukosekani). Damu ya mtu usiyemjua ni ya kuheshimiwa.

Halafu piga goti kando yake, na uangalie saa. Utakuja kuulizwa.

Ngazi nne za kuitika

Swali la kwanza ni dogo: ananisikia? Weka mkono mmoja kwenye paji la uso ili kichwa kisigeuke ghafla, na kwa mkono wa pili mgonge begani. Sema kwa sauti: "Kaka, unanisikia? Fumbua macho!" Kwa mzee utasema "Mzee wangu", kwa mtoto utaita jina lake kama unalijua. Asipoitika, mfinye ndewe ya sikio uone kama atakunja uso au kuvuta kichwa.

Unachofanya hapo ni kumweka kwenye moja ya ngazi nne. Ya juu kabisa yuko macho na anaongea. Inayofuata, anaitika sauti, hata kama ni kwa kuguna. Ya tatu, anaitika maumivu tu. Ya nne haitiki chochote, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Hospitalini wana kipimo kirefu zaidi, kilichobuniwa mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, Uskoti. Kinaangalia macho, maneno na mwendo wa viungo, na alama zake ni kuanzia 3 hadi 15. Ndugu wakiambiwa "mgonjwa wenu yuko nane kwa kumi na tano" ndicho kinachosemwa. Sifuri haipo, hata maiti ingepata tatu.

Wewe kando ya barabara huhitaji alama. Unahitaji kukumbuka alikuwa ngazi ipi ulipomkuta, kisha umpime tena kila baada ya dakika chache. Aliyekuwa anaongea akaanza kuitika kwa kuguna ameteremka, na kuteremka ni habari mbaya kuliko ngazi yenyewe.

Majeruhi wakiwa wengi, kwa mfano basi limepinduka, masikio yatakupeleka kwa yule anayepiga mayowe. Kwa wakati huo yeye anaweza kusubiri kidogo, kwa kuwa anayepiga mayowe anapumua. Mtafute aliyekaa kimya.

Ulimi haumezwi

Mchezaji akianguka uwanjani bila kuguswa, wenzake hukimbia kumfungua kinywa na kuingiza vidole, na mtangazaji anatuambia wanazuia asimeze ulimi. Ulimi umeshikwa na sakafu ya kinywa, hauwezi kumezwa. Kinachotokea ni kwamba misuli ya mtu asiye na fahamu hulegea yote, ulimi ukiwemo, na akiwa amelala chali shina lake linaangukia nyuma na kuziba koo. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani uliokunjika: bomba liko wazi, maji yapo, ila hayapiti. Huhitaji kuvuta kitu chochote ndani ya mpira, unaunyoosha tu.

Kunyoosha kwenyewe ni hivi: mkono mmoja kwenye paji la uso, vidole viwili chini ya mfupa wa kidevu, kisha inamisha kichwa kwa nyuma taratibu huku ukiinua kidevu. Ulimi unanyanyuka pamoja na taya. Daktari Peter Safar, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Marekani, alilithibitisha hilo miaka ya 1950, na mpaka leo hakuna dawa ya bei rahisi kuliko hiyo. Ukiona kitu wazi kinywani, meno ya bandia yaliyong'oka au bonge la matapishi, kitoe. Usipekue usichokiona, kwa sababu utakisukuma ndani au utang'atwa.

Hapa watu hunikatiza: je, shingo ikiwa imevunjika? Kwa aliyegongwa au kuanguka kutoka juu ya mnazi hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo maana nimesema taratibu. Ila mtu asiyepata hewa atakufa kabla shingo yake haijawa tatizo. Inua kwanza kidevu, inamisha kichwa kwa kiasi kile tu kinachotosha pumzi kupita.

Sekunde kumi

Sasa weka shavu lako karibu na pua yake, macho yakitazama kifua. Unaona kifua kikipanda? Unasikia pumzi? Unaihisi shavuni? Fanya hivyo kwa sekunde zisizozidi kumi. Zihesabu, kwa sababu ukiwa na hofu sekunde tatu zitaonekana kumi.

Umeona sijataja mapigo ya moyo. Filamu zimetuzoesha kushika mkono wa mtu na kutangaza "hana mapigo". Ukweli ni kwamba raia asiye na mazoezi hukosea mno hapo: anakosa mapigo yaliyopo, au anahisi ya vidole vyake mwenyewe vinavyodunda kwa woga. Ndiyo sababu miongozo ya kimataifa iliacha kumtaka raia apime mapigo. Haitiki na hapumui kawaida; hayo mawili yanatosha kuamua.

Neno la kushikilia hapo ni kawaida. Watu wa pwani wana neno sakarati, ile hali ya mtu kuhangaika roho ikitoka. Moyo ukisimama ghafla, kwa dakika chache za mwanzo wengine hutoa pumzi za namna hiyo: kinywa kinapanuka kama samaki aliyetupwa mchangani, anakoroma mara moja, kimya kirefu, anakoroma tena. Waliomzunguka wanashangilia: "Anapumua! Anapumua!" na wanaacha kila kitu. Hizo si pumzi, hazimpi hewa. Ukiziona, chukulia kwamba moyo umesimama.

Na moyo ukisimama, jukumu lako linakuwa kuusukuma kwa mikono. Awe amelala chali juu ya kitu kigumu, si godoro. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, mikono imenyooka, kandamiza chini sentimita tano hadi sita kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara uache kifua kirudi juu. Waliofunzwa hutoa pumzi mbili za kinywa kila baada ya mikandamizo 30. Asiyefunzwa au asiyetaka, akandamize bila kukoma mpaka msaada ufike, akipokezana na mwenzake kila dakika mbili kwa sababu inachosha kuliko kutwanga. Aliyezama majini ni tofauti, yeye amekosa hewa tangu mwanzo na pumzi zinahitajika. Ila kumning'iniza kichwa chini au kumminya tumbo ili "maji yatoke" kunapoteza muda na kumtapisha.

Inafaa kweli? Tarehe 17 Machi 2012 Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akichezea Bolton, alianguka katikati ya mechi na Tottenham jijini London. Moyo wake haukufanya kazi wenyewe kwa dakika 78. Kifua chake kilikandamizwa uwanjani, njiani na hospitalini, na daktari bingwa wa moyo aliyekuwa jukwaani kama mshabiki alishuka kusaidia. Yuko hai. Mwaka 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen katika mechi na Finland, akakandamizwa kifua, akashtuliwa moyo kwa mashine, na baadaye akarudi kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Sisi mashine hizo ni adimu mitaani. Mikono ipo.

Anapumua lakini haamki

Huyu ndiye utakayekutana naye mara nyingi zaidi, na ndiye tunayemuua kwa kumlaza chali tukimsubiri. Akitapika, matapishi yanarudi kooni. Kama hana dalili ya kuumia shingo au mgongo, mlaze kiubavu: mkono wake ulio upande wako unyooshe pembeni, ule wa mbali uulete juu ya kifua mpaka mgongo wa kiganja uguse shavu lake, kunja goti la mbali, kisha livute kuelekea kwako. Atageuka wote kwa pamoja hata kama ni mnene kuliko wewe. Kinywa kielekee chini kidogo ili mate na matapishi yatoke nje. Mjamzito mlaze ubavu wa kushoto. Kama kuna hofu ya shingo na anapumua vizuri, muache alivyo na mtu mmoja ashike kichwa pande zote mbili kisitikisike. Akianza kutapika, mgeuzeni watu watatu au wanne kwa hesabu moja, kichwa na kiwiliwili vikienda pamoja kama gogo.

Kifafa nacho kimo humu. Neno lenyewe limebeba kufa ndani yake, na hofu yetu ni ya zamani. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Morogoro, karibu na mwaka 1960, aliwakuta wagonjwa waliotengwa na kuungua motoni huku watu wakiogopa kuwagusa wakati wa degedege, kwa imani kwamba povu au ushuzi wao unaambukiza. Imani hiyo bado inatembea. Kifafa hakiambukizwi kwa mate. Mtu akianza kutikisika, usimkandamize, usimtie kijiko wala kijiti kinywani, utamvunja meno. Ondoa mawe na jiko karibu yake, weka kitu laini chini ya kichwa, angalia saa. Degedege ikikoma, mlaze kiubavu, atabaki amechanganyikiwa kwa muda na hiyo ni kawaida. Ikizidi dakika tano, au ikianza ya pili kabla hajapata fahamu, hapo ni hospitali mbio.

Damu, kisha kichwa hadi vidole

Nimeiweka damu hapa kwa ajili ya maelezo tu. Ukimkuta mtu anavuja damu kwa kuruka au kutiririka, anza nayo palepale. Mtu mzima ana damu kama lita tano, sawa na dumu dogo la mafuta ya kula. Akipoteza lita mbili yuko kwenye mlango wa kifo, na damu inadanganya: nusu lita juu ya lami inaonekana bahari, lita nzima kwenye mchanga au ndani ya jinzi nyeusi haionekani. Kwa hiyo pitisha mkono chini ya mgongo, chini ya mapaja, kisha utazame kiganja. Mahali panapovuja weka kanga au kitambaa safi ukandamize kwa nguvu bila kuinua kila mara kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu. Majani ya kahawa, unga, mafuta ya taa na tambuu haviingii kwenye jeraha. Kisu au chuma kilichochomeka kibaki kilipo, kikandamizwe pembeni, kwani huenda ndicho kinachoziba mshipa.

Ukishayamaliza hayo ndipo unapopata nafasi ya kumkagua kwa utulivu, kuanzia kichwani kwenda chini. Bonyeza kwa upole, linganisha upande na upande. Damu au majimaji meupe yanayotoka sikioni au puani baada ya pigo la kichwa yaweza kuwa ishara ya fuvu kupasuka, usiyazibe. Mboni moja kubwa kuliko nyenzake ni ishara ya hatari. Kama yuko macho, mwambie acheze vidole vya miguu kabla mtu yeyote hajamnyanyua. Mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi fupi: uso ukipinda, mkono mmoja ukashuka, maneno yakakwama, hicho ni kiharusi na saa inakimbia.

Uliza huku unakagua. Yeye kama anaweza, la sivyo aliyekuwa naye. Imekuwaje? Ana ugonjwa gani, anatumia dawa gani, amekula saa ngapi? Ukilazimika kupekua mifuko, fanya mbele ya mashahidi na useme kwa sauti unachokitoa. Kadi ya kliniki ya kisukari inaweza kumaliza mjadala. Mtu ambaye sukari yake imeshuka huyumba, hujibu hovyo, hutoka jasho, na umati humalizia kwa kusema "amelewa". Kama bado anameza vizuri, mpe soda ya kawaida au maji ya sukari. Kama haitiki, turudi pale pale: hakuna kitu kinywani. Na hata aliyelewa kweli, harufu ya pombe haimzuii kuwa na fuvu lililopasuka.

Kuna kundi moja linanitia wasiwasi kuliko yote: wale wanaoamka. Dereva wa bodaboda alizima dakika mbili, akaamka, akakung'uta vumbi, akasema yuko poa. Watu wanampongeza, anaenda nyumbani kulala. Kumbe ndani ya fuvu kuna mshipa unaovujisha damu kidogo kidogo, ukikandamiza ubongo kwa saa kadhaa. Nyumbani tunashindana kumzuia asilale, kana kwamba usingizi ndio unaoua. Usingizi hauui, ila unaficha anavyoteremka zile ngazi. Yeyote aliyepoteza fahamu baada ya pigo la kichwa aonwe na daktari siku hiyohiyo. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida au maneno ya kupotea vikija baadaye, arudishwe hata kama ni saa nane za usiku.

Kumnyanyua

Kubebwa mikono na miguu huku kiuno kikining'inia, kisha kukunjwa kiti cha nyuma cha bajaji, kumemaliza watu ambao ajali haikuwamaliza. Kama ameanguka kutoka juu au amegongwa, na hakuna moto wala hatari nyingine, asisogezwe mpaka kuna watu wa kutosha. Mlango, ubao wa kitanda au benchi la mama lishe ni machela nzuri kuliko mikono miwili. Helmeti iache kichwani kama anapumua. Fungua kioo cha mbele tu. Itolewe endapo inazuia pumzi, na hapo watu wawili, mmoja ameshika shingo na taya, mwingine anaivuta taratibu.

Simu apige mtu mmoja aliyetajwa kwa kidole, "wewe mwenye shati jekundu", kwa sababu ukisema "jamani pigeni simu" kila mtu atadhani mwenzake amepiga. Tanzania ni 112, na 114 kwa zimamoto na uokoaji; Kenya ni 999 au 112. Mjamzito au mtoto mchanga Tanzania ana namba yake, 115. Wasiwasi wa polisi ndio unaowafanya wengi wageuze shingo. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ni ya ushahidi, haizuii damu: mmoja aende kituoni kuifuatilia, wengine wakimbilie hospitali na mgonjwa. Kenya, Ibara ya 43(2) ya Katiba ya 2010 inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Mapokezi, nesi hatahitaji simulizi ya gari lilivyokuja kwa kasi. Atahitaji sentensi tano: "Amegongwa saa kumi na moja na robo. Tulipomkuta alikuwa anaitika sauti, sasa anaitika maumivu tu. Anapumua mwenyewe. Paja la kulia lilivuja damu, tumelikandamiza kwa kanga mbili zimelowa. Hatujampa kitu chochote cha kunywa." Hiyo ya mwisho isemwe hata asipouliza, maana huenda atapelekwa chumba cha upasuaji. Na kama kuna aliyewahi kumnywesha maji kabla hujafika, hilo nalo liseme.